Jani Moja Kabla ya Chai

Nurota, 14 Septemba 1998

Mpenzi mwanangu Barno,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umevaa soksi. Sisi huku hatujambo. Baba yako mgongo unamsumbua ila mdomo haumsumbui, anakusalimu. Aprikoti tumeshaanua, mwaka huu ni ndogo lakini tamu. Mbuzi mweusi kazaa mapacha, na mmoja ana kidevu kirefu mno, basi mdogo wako Lobar kampa jina la mkuu wa posta. Mkuu wa posta kapata habari. Ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa basi badala ya kuipeleka posta.

Sasa sikiliza. Watu wa Sherzod, mchumba wa Lobar, wamekuja, mkate wa posa umemegwa, neno limekwisha. Harusi ya Lobar ni tarehe 24 Aprili, mwezi mmoja baada ya sikukuu ya Navruz. Nimelia kidogo, halafu nikakaa kuhesabu vipande vya suzani yake, kile kitambaa cha maua na majani ya kudarizi atakachoolewa chini yake. Ni vinne, kama vilivyochorwa nakshi na yule bibi mchoraji Lobar alipotimiza siku arobaini. Cha kwanza alikidarizi bibi yako, Mungu amrehemu, akakimaliza. Cha pili ni cha mama yako, akakimaliza. Cha tatu ni changu, hicho usikiulizie. Cha nne ndicho kilichokuwa mikononi mwa mama yako alipofariki. Unacho wewe huko Tashkenti, tangu siku ya arobaini yake, ulipokikunja mbele ya watu wote ukasema, "Nitakimaliza mimi."

Miaka sita sasa, Barno.

Siku ile itakaposhikwa suzani juu ya kichwa cha Lobar, mama yake hatakuwepo kushika pembe. Angalau kazi ya mkono wake iwepo. Vipande vitatu si suzani, ni shuka la mgonjwa. Nakuuliza mara moja tu: kipande chako kimefika wapi?

Shangazi yako,
Inobat


Tashkenti, 3 Oktoba 1998

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, soksi nimevaa mbili. Nimefurahi mpaka nimempigia kelele kila mtu jikoni: Lobar anaolewa! Mpishi mkuu wetu, Fundi Turgun, kasema hongera, halafu kaniambia nirudi kwenye karoti. Kilo arobaini kila asubuhi, Shangazi, maana pilau ya hapa wateja wanaipangia foleni kabla ya saa sita mchana. Anasema karoti zangu ni nene kama vidole vya mwendesha trekta. Nimemwambia trekta ndilo lililonilea. Kacheka, lakini karoti kazirudisha.

Kipande kipo, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nimeandika ratiba na kuibandika ukutani kwa gundi. Kuanzia Jumatatu nadarizi masaa matatu kila siku baada ya kazi, na Jumapili masaa sita. Nimepiga hesabu: mwaka mpya ukiingia kitakuwa kimekwisha, na nitakuwa nimeanza mto wako. Rangi gani unapenda?

Msalimie baba, na mkuu wa posta. Wote wawili.

Mwanao,
Barno


Nurota, 20 Oktoba 1998

Barno mwanangu,

Salamu zimefika. Baba yako hajambo. Lobar anajifunza kupika pilau ya watu thelathini, na sisi ndio tunaokula majaribio, tumenenepa. Maji ya chemchemi yamepungua kidogo lakini samaki wake watakatifu bado wanaringa kama kawaida, wanajua hakuna wa kuwala.

Ratiba yako nimemsomea mbuzi, akaondoka.

Nakujua, mtoto wa kaka yangu. Wewe una nguvu za soda. Ukifunguliwa unafoka mpaka dari inalowa, na baada ya dakika tano umekuwa maji matamu. Nani alianza kodiani akafika wimbo mmoja? Nani alimfumia baba yake sweta lenye mkono mmoja, mpaka sokoni watu wakamuuliza alipigana vita gani?

Mimi masaa matatu sijawahi kudarizi maisha yangu yote. Nilikuwa na ng'ombe, mume na mama mkwe, na mama mkwe alihitaji majani mengi kuliko ng'ombe. Suzani saba nimezimaliza kwa jani moja moja, asubuhi, kabla ya kibakuli cha kwanza cha chai. Siri ni hii. Buli nalifunika kwa kitambaa chenyewe ninachokidarizi. Nikitaka chai lazima nikishike. Nikikishika, sindano imo na uzi umo, maana jana sikulala kabla ya kutunga uzi wa leo. Nadarizi jani moja, nakunywa chai, siku yangu inaendelea. Mkono ukitaka jani la pili nauambia ungoje kesho, ili uamke na hamu. Na siku ukikosa, kesho yake shona lile moja tu. Usishone mawili kwa kujiadhibu, kwa sababu kazi ukiigeuza adhabu utaikimbia.

Bandua ratiba. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe halihitaji kujua tarehe.

Shangazi yako,
Inobat


Tashkenti, 26 Novemba 1998

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi, baridi, halafu bomba la maji lilipasuka tukaogelea siku mbili. Sasa tumekauka. Nimefurahi kusikia mmenenepa.

Ushauri wako nimeufuata sawasawa. Kila asubuhi, buli, kitambaa, jani. Kumbe ni rahisi! Majani yote ya pembeni yamekwisha na sasa nimeingia kwenye makomamanga. Matatu tayari, mekundu, yanawaka kama makaa. Ungeyaona ungejivunia.

Fundi Turgun anasema akipata mtu wa kuaminika atamfundisha sufuria kubwa. Nimemwambia mtu huyo amesimama mbele yake. Kaangalia nyuma yangu.

Lobar anataka zawadi gani? Asiseme cherehani.

Mwanao,
Barno


Nurota, 7 Desemba 1998

Barno,

Wote hatujambo. Theluji imeanguka jana, baba yako kaisukuma kwa koleo na sasa anatembea kama mtu anayetafuta sindano chini.

Makomamanga matatu yanayowaka kama makaa. Hongera. Sasa niambie, umeyashona kwa uzi gani? Uzi mwekundu wa suzani hii mama yako aliutia rangi kwa mikono yake, kwa mizizi aliyoichemsha mwenyewe uani, na uko kwenye kasha langu. Naugusa hivi ninavyoandika. Ulipoondoka ulichukua kijani na njano, nyekundu nikakwambia utakuja kuichukua ukifika kwenye makomamanga. Hukuja.

Mwongo mzuri angesema yuko kwenye majani bado. Wewe hata uongo umeutaka mkubwa, wa makaa.

Sikukasirika sana. Nilikasirika kwa muda wa kukamua mbuzi wawili. Halafu nikawaza kwamba mtu hadanganyi hivi kwa ajili ya uvivu peke yake. Uvivu ungesema "bado" ukarudi kulala. Kuna kitu kwenye kile kitambaa. Niambie. Harusi haijali ninakupenda kiasi gani, itafika tarehe 24.

Inobat


Tashkenti, 22 Desemba 1998

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima. Salamu kwa baba na Lobar. Sina habari za jikoni leo.

Ni kweli, sijashona hata jani moja. Si tangu Oktoba, tangu miaka sita. Ratiba niliiandika kwa moyo, naapa. Jumatatu ile nilinawa mikono, nikakaa, nikakikunjua kitambaa. Sindano ya mama imo.

Aliichoma katikati ya jani, chini ya ua la pili, upande wa kushoto. Nusu ya jani imeshonwa, nusu ni mstari wa kalamu tu. Uzi wa kijani unaning'inia, urefu wa shibiri moja. Nafikiri alisikia maziwa yanafoka akainuka. Alikuwa anarudi, Shangazi. Huwezi kuacha sindano hivyo kama huna nia ya kurudi.

Kila nikiishika naona nikiivuta tu, basi, mshono wake wa mwisho umekwisha, na unaofuata ni wangu, mbaya, wa vidole vya trekta. Nikakikunja. Ndivyo ninavyofanya kila mara. Nakikunjua, naiangalia sindano, nakikunja. Hiyo ndiyo tabia yangu ya kila siku, kama ulitaka kujua.

Kodiani niliiacha kwa uvivu. Sweta pia, nakubali. Hili sikuliacha kwa uvivu. Usimwambie Lobar.

Barno


Nurota, 5 Januari 1999

Barno mpenzi, mboni ya jicho langu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikatoka kuwapa mbuzi maji ambayo hawakuyataka.

Nisamehe kwa maneno ya soda. Sio yote, yale ya kodiani nayaacha palepale. Lakini nilidhani unaikimbia kazi, kumbe unalinda kitu.

Sasa nikukumbushe jambo unalolijua tangu utoto, ila huzuni imekufanya ulisahau. Suzani haimalizwi yote. Hujawahi kuona iliyokwisha kabisa katika nyumba hii. Bibi yako kila mara aliacha jani moja bila kujazwa, ili harusi zisiishe nyumbani na mikono isikose kazi. Vuli nzima nimekuwa nikijiuliza, katika suzani ya Lobar nani atachagua mahali pa kuacha? Kumbe wifi yangu keshachagua miaka sita iliyopita, wala hakutuuliza. Ndivyo alivyokuwa. Hata rangi ya mlango wangu alichagua yeye.

Jani lile ni lake. Liache nusu hivyo hivyo. Sindano iache ilipo mpaka siku ya kuunganisha vipande, nitaitoa mimi mwenyewe. Wewe tafuta sindano nyingine na anza jani la jirani yake. Likiwa baya litakuwa baya karibu na mama yako, na yeye alizoea ubaya wako wote.

Dereva wa basi atakuletea uzi mwekundu. Nimeubusu upande mmoja, upande wa pili ubusu wewe.

Buli lifunike. Usinywe chai kwanza.

Shangazi yako akupendaye,
Inobat


Tashkenti, 3 Februari 1999

Shikamoo Shangazi!

Uzi umefika, nimeubusu, dereva kaniangalia kama mwenda wazimu.

Nilianza tarehe 9 Januari. Jani la kwanza nilitokwa na jasho kama niko tanurini, na ni baya kweli, lina tumbo. Chai ilipoa. Siku ya pili nilimchukia kila mtu wa Nurota kuanzia wewe. Siku ya tano nilinyanyua kitambaa nichukue buli nikajikuta nimeshashona kabla sijakumbuka kwamba sitaki. Leo ni majani ishirini na tano katika siku ishirini na sita. Siku moja nilikuwa na homa. Kesho yake nilitaka sana kushona mawili, nikasikia sauti yako, nikashona moja. Nilijisikia mtu mzima.

Na kuna ajabu nyingine. Sasa nanoa kisu changu jioni, kabla ya kutoka jikoni, ili kinikute tayari asubuhi. Hukunifundisha hilo, ni mikono imejifunza yenyewe. Fundi Turgun kachukua karoti moja, kaiangalia kwenye mwanga, kaniuliza, "Trekta limeuzwa?"

Mbona kimya, Shangazi? Nimepiga simu posta, Lobar kasema "Shangazi hajambo" haraka mno, kama mtu anayefunga mlango. Niandikie.

Mwanao,
Barno


Nurota, 25 Februari 1999

Barno,

Sijambo. Baridi kali. Kalamu mbovu. Mbuzi wazima. Nakutumia aprikoti na zabibu kavu.

Endelea.

Inobat


Tashkenti, 9 Machi 1999

Shikamoo Shangazi,

Jana ilikuwa siku ya wanawake, wapishi wanaume walitupa maua na kisha wakatuachia vyombo vyote. Hatujambo. Makomamanga manne yamekwisha, mekundu ya kweli sasa. Yamebaki machache, na jani la mama lipo kama lilivyo.

Nimekula zabibu zako huku nakiangalia kile kifurushi. Shangazi, wewe ni mtu ambaye hata gunia la vitunguu hukubali litoke nyumbani na mshono uliopinda. Mimi nikiwa na miaka tisa ulinifumulia mfuko wa viazi mara tatu. Kitambaa cha kifurushi hiki kimeshonwa kama na kuku. Fundo la mwisho lina alama za meno. Na barua yako, herufi zote zimelalia upande mmoja, maneno kumi na matatu nimeyahesabu, na hakuna hata tusi moja ndani yake.

Uliniambia uongo wangu ni mkubwa. Wako ni mdogo, kama kawaida ya kazi zako, umefanywa vizuri zaidi. Lakini mimi sasa nashika sindano kila siku na macho yamefunguka. Mkono wako una nini?

Barno


Nurota, 22 Machi 1999

Barno,

Navruz njema. Kila neno hapa ni jasho, soma polepole.

Tarehe 11 Januari nilikuwa nachota maji. Ndoo ilianguka. Nikadhani mpini umekatika. Mpini ulikuwa mzima. Ni kiharusi, kidogo, kasema daktari. Mguu umerudi. Mdomo umerudi, baba yako anasikitika. Mkono wa kulia umelala. Nilimkataza Lobar asikwambie, ungeacha majani ukaja kunilisha uji.

Lingine. Nilikwambia kipande changu usikiulizie. Hakijaisha. Mama yako na mimi tulikuwa tunashona pamoja asubuhi, yeye upande ule wa ukuta, mimi huku, tunasengenya. Alipoondoka nikaanza kunywa chai kwanza. Miaka sita nimekunywa chai kwanza. Nilirudia sindano Oktoba, siku nilipokuandikia ya buli. Niliona haya kukuhubiria nisilolifanya. Nikaenda vizuri. Yamebaki majani matatu. Ndipo mkono ukalala.

Nimemwambia Lobar wanunue suzani ya mashine sokoni. Watu siku hizi hawatazami. Cha kwako utakitundika ukutani kwako, kizuri.

Usinibembeleze. Mwanamke wa miaka sitini na moja haanzi kujifunza kushika kijiko.

Inobat


Tashkenti, 30 Machi 1999

Shikamoo Shangazi,

Nimelia, nimenawa uso, sasa naandika. Hapa ni salama. Kipande changu kimekwisha juzi asubuhi, saa kumi na mbili na robo, kabla ya chai. Limebaki lile jani la mama peke yake.

Sikubembelezi. Ningekubembeleza ungenitupia kiatu, na kwa mkono wa kushoto kingempata baba.

Nakwambia ulichoniambia. Lobar akutungie uzi jioni. Akufunikie buli kwa kipande chako, na akikuhurumia akakumiminia chai kabla, mwambie dada yake anarudi na kisu kilichonolewa. Kwa mkono wa kushoto shona mshono mmoja. Sisemi jani. Mshono mmoja, mbaya, halafu unywe chai yako. Ukikosa siku, usijiadhibu. Na mkono ukitaka wa pili, uambie ungoje kesho.

Ya mashine siitaki juu ya kichwa cha Lobar, na wewe huitaki. Mimi niliogopa kushona vibaya karibu na mama, ukaniambia alizoea ubaya wangu. Wako ataufurahia mno, maana hakuwahi kuuona.

Nakuja tarehe 20. Usinijibu, okoa mkono.

Barno


Tashkenti, 4 Mei 1999

Shikamoo Shangazi,

Nimefika salama, mikate yote imefika, na chupa ya tikiti aliyonilazimisha baba imepasukia ndani ya begi. Lobar kanipigia simu jana kutoka kwa wakwe, anasema mama mkwe wake anakoroma lakini ni mtu mwema.

Kuna mambo sikuweza kukwambia pale, nyumba ilikuwa imejaa wanawake na masikio. Nakwambia sasa.

Hukujibu barua yangu, kama nilivyokuomba, nami njia nzima kwenye basi nilijuta kukuomba. Nikakukuta mlangoni umeshika buli kwa mkono wa kushoto. Ukasema, "Umekonda," basi. Ukaingia ndani, ukakitoa kipande chako kwenye kasha na kunitupia mapajani kama mtu anayetupa matambara. Majani matatu, Shangazi. Yote matatu. Moja linaegemea mashariki, moja linaenda sokoni, la tatu sijui linatafuta nini. Nilikuuliza, "Nilisema mshono mmoja, imekuwaje?" Ukasema, "Mkono uliomba wa pili. Ulikuwa mgonjwa, nikashindwa kuunyima." Sijawahi kusikia ukivunja sheria yako mwenyewe. Nilitaka kukukumbatia ila ulikuwa tayari umeshanigeuzia mgongo, unamtukana mbuzi.

Na jirani Hosiyat alipoyainamia na kuuliza mbele ya watu, "Inobat, haya majani vipi, yamelewa?" ukamjibu, "Yamelewa, ndiyo. Si yamekuja harusini?" Hosiyat akaenda kuulizia pilau.

Tulipounganisha vipande, lile komamanga la katikati, nusu ya mama na nusu yangu, halikukutana vizuri. Limepishana upana wa kidole. Nilitaka kufumua, ukanishika mkono ukasema zote ziko hivyo, hakuna suzani ambayo maua yake yanakutana, kila mtu alishona peke yake chumbani kwake. Kisha uliitoa sindano ya mama, kwa mkono wa kushoto, taratibu, na ule uzi wa shibiri ukauacha uning'inie. Sikuangalia pembeni. Nilidhani nitaumia. Niliumia, lakini sio vile nilivyoogopa miaka sita.

Na tuliposhika zile pembe nne juu ya Lobar, mimi pembe ya mama na wewe pembe yako, nikaona mkono wako wa kushoto umekaza, hauachii. Lobar aliinua macho. Aliliona lile nusu jani, lilikuwa juu ya paji la uso wake kabisa. Hapo ndipo nilipolia. Nilisema ni vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Sasa niko hapa. Fundi Turgun kanipa sufuria kubwa, siku za Jumanne tu kwa kuanza. Asubuhi naamka, naenda kwenye buli, mkono unanyanyua kitambaa ambacho hakipo. Nakunywa chai, haina ladha. Shangazi, asubuhi nifanye nini?

Mwanao,
Barno


Nurota, 23 Mei 1999

Barno, mboni ya jicho,

Sisi wazima. Baba yako ana sweta lake la mkono mmoja na amekataa kulitupa, anasema mkono wa pili utakuja mwaka wowote. Mfululizo wa mvua umetuletea nyasi, mbuzi wamenona. Mkuu wa posta kasameheana na mkuu wa posta, barua hii imepita njia halali.

Naandika kwa kushoto. Waona herufi zimesimama kidogo.

Umeuliza asubuhi ufanye nini. Fungua kifurushi kilichokuja na barua hii. Mshono wake ni wangu, usicheke. Ndani kuna kitambaa cheupe, vipande viwili, vimechorwa na binti wa yule bibi mchoraji. Vingine viwili nimebaki navyo mimi, nilianza Jumatatu. Usiniulize suzani hii ni ya harusi ya nani. Ni yako. Na usiniambie bwana harusi bado hayupo. Jani halimngojei mwanaume.

Kwenye jani la kwanza, chini kushoto, nimechoma sindano. Ni ile ya mama yako. Nimeitunga uzi mwekundu aliouchemsha yeye, uliobaki. Mkono wa kushoto na tundu la sindano havipatani, tuligombana siku nne. Leo asubuhi, kabla ya chai, uzi umeingia.

Vuta.

Shangazi yako,
Inobat